Neno Moja Katika Baba Yetu: Tafakari Juu ya Umoja wa Wakristo Ndani ya Familia Zetu



Miaka minne iliyopita tulimzika bibi yangu, mzaa mama, katika kihamba cha familia kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Alikuwa Mlutheri tangu ubatizo wake hadi pumzi yake ya mwisho, na hakuwahi kuona sababu ya kuwa kitu kingine, hata baada ya mjukuu wake kupewa Daraja Takatifu ya Upadre. Ibada iliongozwa na mchungaji wa usharika wake. Mimi nilikaa na familia, katikati ya wajomba. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, mchungaji alinigeukia mbele ya watu wote akasema, "Baba Padre, tuongoze katika sala ya Bwana."

Nilianza, na watu wakapokea. Tulipofika kwenye jina la Mungu, sauti ziligawanyika: nusu yetu tukasema "litukuzwe", nusu nyingine "litakaswe". Tukaungana tena, tukaachana tena kwenye mkate na riziki, kisha kwenye kishawishi na majaribu. Sisi Wakatoliki tulifika mwisho kwanza, tukanyamaza. Wenzetu wakaendelea na yale maneno ya kumtukuza Mungu mwenye ufalme na nguvu, maneno ambayo sisi wenyewe huyatamka katika kila Misa, ila mahali pengine kidogo, baada ya sala ya padre. Tukawasubiri. "Amina" tuliitamka pamoja.

Nimeifikiria sana sala ile, kwa sababu miaka mingi kabla ya siku hiyo mimi mwenyewe nilisimama kando ya kaburi jingine, na mambo hayakwenda hivyo. Nitalieleza tukio hilo, lakini kwanza yafaa tuelewe tulivyofika hapa tulipo.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianza kazi yao mlimani mwaka 1893. Kila upande ulijenga makanisa, shule na zahanati mahali ulipopokelewa na Mangi wa eneo hilo, na ndivyo Kilema, Kibosho na Rombo vilivyokuja kujulikana kama maeneo ya Wakatoliki, na Machame na Marangu kama maeneo ya Walutheri. Babu zetu hawakukaa chini kuchambua mafundisho ya Martin Luther juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, wakayalinganisha na Mtaguso wa Trento, kisha wakachagua. Mara nyingi mtu alikuwa Mkatoliki au Mlutheri kwa kutegemea upande wa bonde alikozaliwa. Utengano uliozaliwa Ulaya katika karne ya 16 tuliupokea pamoja na Injili, kama mtu anayerithi shamba pamoja na kesi yake. Kisha vijana wakavuka mabonde kutafuta wachumba, na kesi ile ikaingia ndani ya nyumba.

Sasa nirudi kwenye lile kaburi jingine. Nilikuwa na miaka mitatu tu ya upadre. Mama mmoja Mkatoliki, mwanajumuiya hodari, aliaga dunia. Kaka yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Usiku wa kuamkia maziko, mtoto mkubwa wa marehemu alikuja kwangu na ombi: baada ya Misa, pale kaburini, mjomba apewe nafasi aombe sala fupi. Nilimjibu bila hata kumkaribisha kiti. Nilisema marehemu ni Mkatoliki, atazikwa Kikatoliki, na sitaki kuwachanganya waamini. Yule kijana akasema, "Sawa, Baba," akaondoka. Kesho yake mchungaji alisimama nyuma, amevaa koti la kawaida, akatupa udongo kama ndugu wengine na hakufungua kinywa. Nilirudi parokiani nikiamini kwamba nimeilinda imani.

Nilichokilinda ni uvivu wangu wa kusoma. Seminarini tulikuwa tumefundishwa Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Uekumene, iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964, na Mwongozo wa Uekumene uliotolewa na Vatikano mwaka 1993. Niliyasoma kwa ajili ya mtihani. Nilipoyarudia miaka michache baadaye, nilikuta kwamba Kanisa linawahimiza Wakatoliki kusali pamoja na Wakristo wengine. Homilia ya Misa ni ya padre au shemasi, hilo ni wazi, na hakuna aliyekuwa ameniomba mahubiri. Niliombwa sala ya kaka kwenye kaburi la dada yake, baada ya Misa kwisha.

Ndugu wapendwa, msingi wa yote haya ni Ubatizo. Mtaguso unafundisha kwamba wote wanaomwamini Kristo na kubatizwa ipasavyo wako katika ushirika fulani na Kanisa Katoliki, ingawa ushirika huo haujakamilika. Maneno mawili yanapaswa kushikwa kwa pamoja hapa: ushirika upo, na ushirika haujakamilika. Anayelishika la kwanza peke yake atasema dini zote ni sawa na kwamba tofauti zetu ni za majina tu. Anayelishika la pili peke yake atafanya kama nilivyofanya mimi. Mlutheri, Mwanglikana au Mmoraviani aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa kweli. Anapoomba mwenyewe kuingia katika ushirika kamili na Kanisa Katoliki, habatizwi tena, huandaliwa, hukiri imani na kupokelewa (rej. kan. 869). Katekista anayemwambia kwamba ule ubatizo wake wa utotoni "haukuwa kitu" anakosea sana, hata kama nia yake ni njema.

Mahali ambapo mafundisho haya yanajaribiwa ni katika ndoa za mseto, yaani ndoa kati ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa asiye Mkatoliki. Nimeshughulikia nyingi, na karibu kila mara nakuta yale yale yanayosemwa vibarazani yakichukuliwa kuwa sheria ya Kanisa.

La kwanza ni kwamba binti au kijana lazima "abadili" kwanza ndipo afunge ndoa kanisani. Si kweli. Ndoa ya mseto huhitaji kibali cha Askofu, na kibali hicho hutolewa mara masharti yanapotimizwa. Wala si ruhusa kumshurutisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake (kan. 748). Nimewaona mabinti waliokalishwa mafundisho kwa haraka ili tu tarehe ya ukumbi isipite, na baada ya harusi hawakuonekana tena, si kwetu wala kwao. Hapo hatukumpata Mkatoliki, tulimpoteza Mlutheri.

La pili linahusu watoto, na hapa ndipo wazee wa pande zote mbili huinua sauti. Sheria inamtaka mwenzi Mkatoliki atamke kwamba yuko tayari kuondoa hatari za kuiacha imani, na aahidi kwa moyo mnyofu kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki (kan. 1125). Anayeahidi ni Mkatoliki. Mwenzi wake hujulishwa mapema juu ya ahadi hiyo ili aielewe kwelikweli. Yeye hatakiwi kuitoa. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini ni kubwa sana sebuleni. Mwenzi asiye Mkatoliki naye ana dhamiri, na huenda Kanisa lake nalo lina matarajio yake juu ya watoto hao. Nguvu ya ahadi inaonekana katika maisha ya anayeahidi. Baba anayeahidi kuwalea watoto Kikatoliki, kisha Jumapili anabaki kitandani huku mke wake Mlutheri akiwapeleka watoto ibadani, hana haki ya kuja parokiani kulalamika kwamba wanae "wamechukuliwa".

Kuhusu sherehe yenyewe, niseme kwa ufupi. Mchungaji anaweza kualikwa. Maarusi wakiomba na mamlaka ya Kanisa ikiridhia, anaweza kusoma Maandiko, kutoa neno fupi la kuwaasa na kuwaombea baraka. Kisichoruhusiwa ni kufunga ndoa mara mbili, asubuhi kwetu na mchana kwao, viapo vikirudiwa ili kuzifurahisha koo zote mbili (kan. 1127). Kiapo cha ndoa hutolewa mara moja. Kwa kawaida ndoa hizi hufungwa nje ya Misa, ingawa kwa sababu ya haki Askofu anaweza kuruhusu iwe ndani ya Misa. Wengi hudhani utaratibu huu ni adhabu kwa Mkatoliki aliyekwenda kutafuta mchumba "ng'ambo". Sababu yake ni ya upole zaidi: si vema maarusi waanze siku ya kwanza ya ndoa yao wakitenganishwa mbele ya altare, mmoja akikomunika na mwingine akibaki kitini.

Na hapo tumefika kwenye jeraha lenyewe. Kuna mume mmoja katika parokia niliyowahi kuhudumu, Mwanglikana, aliyehudhuria Misa na mke wake kila Jumapili kwa miaka zaidi ya ishirini. Alitoa michango ya jumuiya kuliko Wakatoliki wengi, na paa la kigango chetu lilipong'olewa na upepo, yeye ndiye aliyetuletea fundi. Siku moja aliniuliza: "Baba, mimi ni mgeni hapa mpaka lini?" Alikuwa akizungumzia Komunyo.

Nilimweleza, na nawaeleza ninyi pia, kwa nini Kanisa linafanya hivyo. Ekaristi Takatifu ni Mwili na Damu ya Kristo, na kuipokea ni kutangaza kwamba tuko katika ushirika kamili wa imani, wa sakramenti na wa uongozi wa Kanisa. Ndiyo maana Mkatoliki naye hapokei kwenye Meza ya Bwana ya ndugu zetu Waprotestanti, hata anapokaribishwa kwa upendo. Kuna swali kubwa la Daraja Takatifu ambalo bado halijapatiwa jibu kati yetu. Sheria inataja hali za pekee, kama hatari ya kufa, ambapo Mkristo wa namna hiyo asiyeweza kumfikia mhudumu wake mwenyewe anaweza kupewa Kitubio, Ekaristi na Mpako wa Wagonjwa, akiomba mwenyewe, akiwa na imani Katoliki juu ya sakramenti hizo na akijiweka tayari ipasavyo (kan. 844). Nje ya hali hizo, tunasubiri. Sikumwambia kwamba haiumi. Inauma, na nadhani ni vizuri iume, maana mwili usiosikia maumivu ya kukatika kwake uko katika hali mbaya zaidi. Ninachoweza kuzuia ni maumivu yasiyo ya lazima: mnong'ono wa walio kwenye benchi la nyuma yake, mwenyekiti wa jumuiya anayemruka wakati wa sala za pamoja, mzaha kuhusu "wale wa upande wa pili".

Nilisema kwamba utengano huu tuliurithi. Tumerithi jambo jingine pia, na hili ni la hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wamisionari wa pande hizo mbili walikuwa wakivutana vikali katika Buganda, na wanafunzi wao walijua hivyo. Moto haukuuliza nani amefundishwa na nani. Mtakatifu Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi wale 22 Wakatoliki, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka katika mahubiri yake Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ilikuwa Mtaguso ukiendelea, mwezi mmoja na siku chache tu kabla ya ile Hati juu ya Uekumene kutolewa. Papa Fransisko alipofika Namugongo mwaka 2015, alitembelea madhabahu zote mbili, ya Waanglikana na ya Wakatoliki. Sisi tunaosherehekea sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake kila mwaka, na watoto wetu wakabeba majina yao, tungefanya vema kuwaambia watoto hao habari za wale wengine pia.

Mambo mengine yamekwisha kusogea kuliko tunavyojua vijijini. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya fundisho la kuhesabiwa haki, fundisho lile lile lililokuwa kiini cha mgogoro wa karne ya 16. Nchini mwetu, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda kwa pamoja, mwaka 1992, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii inayoratibu huduma za afya na elimu za Makanisa. Mgonjwa anapopelekwa hospitali ya misheni, ndugu zake hawaulizi kwanza ni misheni ya nani. Wanauliza kama daktari yupo. Nashangaa kwamba tunaaminiana kiasi hicho kwenye chumba cha upasuaji, kisha tunashindwa kuaminiana kwenye sala ya msiba.

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 25 Januari, Kanisa hufanya Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo. Lilianzishwa mwaka 1908 na Paul Wattson, mhudumu wa Kanisa la Kiepiskopali huko Marekani, ambaye mwaka uliofuata aliingia na jumuiya yake katika Kanisa Katoliki. Katika miaka ya 1930 Padre Paul Couturier wa Lyon, Ufaransa, aliifungua sala hiyo ili Wakristo wote waweze kuisali bila kinyongo: tuombe umoja kama Kristo anavyoutaka na kwa njia anazozitaka. Ni sala ngumu kuliko inavyoonekana. Ni rahisi kuomba kwamba wengine waje kwetu. Bwana mwenyewe, usiku wa kuamkia mateso yake, aliwaombea wafuasi wake wawe kitu kimoja ili ulimwengu upate kusadiki (rej. Yoh 17:21), na tukiwa wakweli, ulimwengu unaotutazama hapa kijijini ni shemeji asiyesali popote, anayeona Wakristo wakibishana nani ashike kipaza sauti msibani.

Nilimtafuta yule mchungaji. Ilinichukua miaka saba kupata ujasiri. Alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimkuta nyumbani kwake akipogoa kahawa. Tulikunywa chai. Nilimwambia nilichokuja kusema, naye akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba siku ile aliomba sala yake moyoni na kwamba dada yake bila shaka aliisikia. Hakuniambia kwamba si kitu. Nilimshukuru kwa hilo, maana kilikuwa kitu. Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua: binti mdogo wa marehemu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati wa msiba, hakurudi tena parokiani kwetu baada ya maziko. Alianza kusali kwa mjomba wake, na huko ndiko alikofungia ndoa baadaye.

Nilikwenda kumwona na yeye. Alinipokea kwa heshima, akaniita Baba, akanipikia. Nilimwomba msamaha na akanisamehe, lakini hakurudi, wala sikuona kwamba ninayo haki ya kulitaja hilo siku ile. Mwaka jana alinitumia kadi ya mwaliko: mtoto wake wa kwanza anapata kipaimara usharikani kwao. Nilikwenda. Mjomba mzee alikuwa amewekewa kiti mbele, nami nikapewa nafasi karibu naye. Wakati wa sala ya Bwana alinishika mkono. Nilipofika mwisho wa ile yetu nilitaka kunyamaza, kwa mazoea. Akanibana vidole, nikaendelea naye.